"Si kimbunga" haimaanishi salama: kuisoma dhoruba ya Karibi kwa kipimamvua na barometa ya nyumbani

Swali: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni Mtanzania, niko Roseau, kisiwa cha Dominica, kwa mkataba wa kazi wa miaka miwili. Nyumba tuliyopangishwa iko kwenye mteremko, juu ya korongo. Msimu uliopita ilipita dhoruba ambayo redioni walisema ni "dhoruba ya tropiki tu, si kimbunga". Kipimamvua changu kilisoma milimita 140, lakini rafiki yangu aliye Antigua, ambako dhoruba yenyewe ilipita karibu zaidi, alipata milimita 9. Nimenunua na barometa ya kupimia mgandamizo wa hewa, nayo inanichanganya: kila siku jioni inashuka hata kama jua linawaka. Je, vipimo vyangu ni vibovu? Na nikisikia "si kimbunga", nitulie?

Jibu: Marahaba. Vipimo vyako vinaelekea kuwa sahihi, barometa yako ni nzima, na usitulie.

Tuanze na hilo la kutulia, maana ndilo linaloua. Majina haya hupangwa kwa kasi ya upepo peke yake. Upepo endelevu ukiwa kati ya kilomita 63 na 118 kwa saa, mfumo unaitwa dhoruba ya tropiki. Kuanzia 119 unaitwa kimbunga, chenye madaraja matano, na daraja la 5 huanzia kilomita 252. Hakuna popote katika mpangilio huo panapohesabiwa mvua, mwendo wa dhoruba yenyewe, wala umbo la kisiwa inachokikuta. Dhoruba dhaifu inayokwenda polepole huweza kumwaga maji kuliko kimbunga kikali kinachopita mbio.

Kisiwa unachoishi kina mfano wake. Tarehe 27 Agosti 2015 dhoruba ya tropiki Erika ilipita upande wa kaskazini wa Dominica ikiwa na upepo wa kilomita 80 hivi kwa saa. Kitovu chake hakikukigusa kisiwa. Lakini pepo za juu zilikuwa zimeisukuma mvua mbali na kitovu, ikaangukia upande wa kusini, na kipimo cha uwanja wa ndege wa Canefield, jirani yako tu hapo Roseau, kikaandika zaidi ya milimita 320, nyingi zikiwa zimenyesha katika saa zisizofika 12. Watu wapatao 30 walikufa au kupotea, na kijiji cha Petite Savanne kiliporomokewa na milima hadi kikahamishwa moja kwa moja. Haiti nako, Septemba 2004, Jeanne ilikuwa dhoruba ya tropiki tu ilipoufurikisha mji wa Gonaïves, na waliokufa walizidi 3,000.

Usije ukageuza hoja ukasema upepo si kitu. Maria ilipotua Dominica usiku wa tarehe 18 Septemba 2017 ilikuwa daraja la 5, upepo wa kilomita 265 hivi kwa saa, na hasara yake ilikadiriwa kuwa asilimia 226 ya pato la taifa la mwaka mzima. Ninachosema ni kwamba daraja linajibu swali la paa. Swali la korongo lililo chini ya nyumba yako halijibu.

Sasa milimita 140 zako na 9 za rafiki yako. Kilele cha juu kabisa cha Antigua hakizidi mita 402. Dominica ina Morne Diablotins wenye mita 1,447, na uti wa milima unaokatiza kisiwa kuanzia kaskazini hadi kusini. Hewa ya bahari ile ya joto hubeba gramu 20 hivi za mvuke katika kila mita ya ujazo. Ikifika Antigua inapita juu ya kisiwa kama mtu anayeruka tuta. Ikifika Dominica inalazimika kupanda zaidi ya kilomita moja, inapoa, na kuachia maji palepale. Ndiyo maana hata mwaka usio na dhoruba sehemu za ndani za Dominica hupata mvua mara kadhaa ya ile ya pwani ya Roseau. Wakati wa dhoruba tofauti hiyo huongezeka, kwa sababu upepo unaosukuma hewa mlimani una nguvu zaidi na haupumziki. Kwa hiyo kuwa karibu na kitovu si hoja. Hoja ni nani yuko chini ya mikanda ya mvua, na ana milima ya kuikamua.

Kuna jambo lingine ambalo watu wa Roseau hulisahau. Kwa lugha ya mabaharia wetu, mji wenu uko upande wa demani, yaani ule uliokingwa na upepo, maana siku zote upepo huko hutoka mashariki, kama matlai isiyokatika. Pwani ya mashariki ndiyo iliyo joshini, yaani upande unaopigwa na upepo. Lakini kitovu cha dhoruba kikipita kaskazini mwenu, upepo unageuka na kuja kutoka magharibi, na kwa saa kadhaa Roseau ndiyo inakuwa joshini. Bandari, barabara ya pwani na boti zilizofungwa hapo havikutengenezwa kwa bahari ya upande huo. Novemba 1999 kimbunga Lenny kilitembea kinyume, kutoka magharibi kwenda mashariki, na mawimbi yake yakazipiga pwani za magharibi za visiwa vingi hadi Grenada, ambako kitovu hakikukaribia kabisa.

Tuje kwenye vifaa. Kipimamvua cha plastiki ambacho watazamaji wengi wa kujitolea hutumia, kwa mfano wale wa mtandao wa CoCoRaHS huko Puerto Rico na Bahamas, kina mdomo wa kipenyo cha sentimita 10 hivi, mrija mwembamba wa ndani unaopokea milimita 25, na silinda ya nje inayopokea ziada. Jumla inashika milimita 280 hivi. Linganisha na zile 320 za Canefield. Usipokimwaga katikati ya dhoruba, kinafurika, na unachokisoma asubuhi ni ukubwa wa chombo, si mvua. Kosa hili hutokea kila dhoruba kubwa, na huonekana wazi watu kadhaa wanapoleta namba zinazofanana mno.

Basi kabla dhoruba haijafika, mwaga maji yote, toa majani na wadudu kwenye faneli, hakikisha kimefungwa kwenye nguzo imara na mdomo wake umepita ncha ya nguzo kwa sentimita kadhaa ili matone yanayoruka kwenye mbao yasiingie. Kiwe mbali na nyumba au mti kwa umbali wa mara mbili ya urefu wa kitu hicho. Kwenye mteremko kama wenu nafasi hiyo huenda haipo. Mara moja ya urefu ni afadhali kuliko kukiweka juu ya paa au kwenye ukingo wa baraza, ambako upepo hupaa na kuyapitisha matone juu ya mdomo. Soma kila baada ya saa tatu maadamu ni salama kutoka, andika, mwaga, rudisha. Mrija wa ndani ukijaa, usikadirie kwa jicho maji ya silinda ya nje. Mwaga ule wa ndani kwanza, kisha mimina ya nje ndani yake kidogo kidogo ukihesabu. Matawi yakianza kuvunjika, acha. Namba iliyokosekana si msiba. Andika tu kwamba kuanzia saa fulani hukusoma.

Ujue pia kwamba katika upepo mkali kila kipimamvua husoma pungufu, kwa sababu mvua inakwenda mshazari. Hasara hupita kwa urahisi sehemu ya kumi. Milimita 140 zako, kama upepo ulikuwa wa kutikisa nyumba, zilikuwa zaidi ya hapo. Vipimo vya kielektroniki vyenye vijiko vinavyopinduka vina ugonjwa wao: mvua ikiwa kubwa sana maji hupotea kila kijiko kinapopinduka, na upepo ukitikisa nguzo vijiko hupinduka bila maji. Vikae vyote viwili, cha kielektroniki kikupe saa ya mvua, cha mkono kikupe jumla.

Kipimamvua kikipeperuka, ndoo inatosha, ila usipime kina cha maji kwa rula. Ndoo nyingi ni pana juu na nyembamba chini, kwa hiyo kina kinadanganya kwa kuzidisha. Pima lita, kisha gawa kwa eneo la mdomo kwa mita za mraba. Milimita 1 ya mvua ni lita 1 kwa kila mita ya mraba. Ndoo yenye mdomo wa kipenyo cha sentimita 30 ina eneo la mita za mraba 0.07. Ikikusanya lita 7, mvua ilikuwa milimita 100. Lakini hakikisha ilikuwa tupu na haikufurika.

Barometa. Kinachokuchanganya ni kupanda na kushuka kwa hewa kwa kila siku. Katika tropiki mgandamizo wa hewa una maji kujaa na maji kupwa yake kama bahari: unafika juu saa 4 asubuhi na saa 4 usiku, unafika chini saa 10 alfajiri na saa 10 jioni. Kati ya juu na chini huwa na tofauti ya milibari (kizio cha mgandamizo wa hewa) 2 hadi 3. Hata Tanga na Mombasa ni hivyo hivyo, ila watu wachache wana barometa ukutani. Kwa hiyo barometa yako ikishuka milibari 3 kuanzia saa 4 asubuhi hadi saa 10 jioni, hakuna habari. Ikishindwa kupanda kati ya saa 10 jioni na saa 4 usiku, hapo kuna habari kubwa.

Dawa yake ni kulinganisha saa na saa ileile ya jana, si na saa mbili zilizopita. Weka daftari: saa 4 asubuhi, saa 10 jioni, saa 4 usiku, kwa wiki mbili za hali tulivu. Utapata kawaida yako. Kwenye usawa wa bahari huko huwa kati ya 1012 na 1016. Wewe uko juu, na kila mita 8 hadi 9 za mwinuko hupunguza milibari 1. Nyumba iliyo mita 100 itasoma pungufu ya 11 au 12 hivi. Ama uirekebishe kwa skrubu ya nyuma ilingane na namba ya usawa wa bahari inayotolewa na uwanja wa ndege, ama uiache na ujue kawaida yake. Kubadilikabadilika ndiko kunakokuhusu.

Mabaharia wana kanuni ambayo bado inafaa: ukiondoa ile ya kila siku, upungufu wa milibari 3 chini ya kawaida ni wa kukufanya uwe macho, na wa milibari 5 hauachi shaka kubwa kwamba mfumo wa tropiki uko karibu. Baada ya hapo tazama kasi. Ikishuka milibari 1 kwa saa, kisha 2, kisha 4, kitovu kinakuja. Ikisimama halafu ikaanza kupanda, kimepita pale kilipokukaribia zaidi. Lakini kumbuka Erika: kitovu kupita si mvua kupita. Mikanda ya nyuma, ambayo hewa yake hutoka kusini ikiwa imejaa mvuke, mara nyingi ndiyo inayolowesha zaidi.

Upepo utakuambia kitovu kiko upande gani. Huko mko kaskazini ya ikweta, dhoruba huzunguka kinyume cha mwendo wa mishale ya saa. Upe upepo mgongo. Kitovu kiko mkono wako wa kushoto. (Kimbunga Hidaya kilichofika Mafia Mei 2024 kilizunguka upande wa pili, kwa hiyo ukirudi nyumbani geuza mkono.) Dhoruba inayokwenda magharibi ikipita kaskazini mwenu, upepo utatoka kaskazini, uhamie kaskazini-magharibi, magharibi, kisha kusini. Ikipita kusini mwenu utatoka kaskazini-mashariki, mashariki, kisha kusini-mashariki. Ukibaki palepale bila kugeuka huku barometa ikianguka, kinakuja juu yenu. Na ukikatika ghafla baada ya kuvuma sana, usifungue mlango kwenda kutazama paa: hilo huenda ni jicho, na upepo utarudi kutoka upande uliokuwa umekingwa, wakati mwingine baada ya dakika chache tu.

Tatizo la Roseau ni kwamba milima inakukinga na mashariki na makorongo yanapinda upepo, hivyo bendera ya jirani inaweza kuonyesha mwelekeo wa bonde badala ya ule wa dhoruba. Tazama mawingu ya chini yanayopita juu ya vilele, au moshi na mawimbi baharini mbali na ufuko.

Kuhusu kasi ya upepo, sikushauri ununue kipimaupepo cha kuning'iniza barazani. Kipimo rasmi huchukuliwa mita 10 juu ya ardhi iliyo wazi, na barazani hupati hiyo. Ila elewa namba unazosikia. Kituo cha vimbunga cha Miami hutumia wastani wa dakika 1. Ofisi ya La Réunion ya Météo-France, idara ya hali ya hewa ya Ufaransa, hutumia wastani wa dakika 10 kwa vimbunga vya Bahari ya Hindi. Wastani wa dakika 10 huwa chini kwa karibu sehemu ya kumi. Kwa hiyo namba za huku kwetu usizilinganishe moja kwa moja na za Miami. Na tahadhari za Miami zenyewe husema kwamba juu ya vilima na kwenye miteremko inayokabili upepo, kasi huweza kuzidi iliyotajwa kwa hadi asilimia 30. Nyumba ya mteremkoni isome hivyo.

Taarifa kamili za Miami hutoka saa 11 alfajiri, saa 5 asubuhi, saa 11 jioni na saa 5 usiku kwa saa za Dominica, na katikati yake, tahadhari zikiwa zimetolewa, saa 8 na saa 2. Tahadhari ya awali hulenga kutolewa saa 48 kabla ya upepo wa dhoruba kufika, na onyo kamili saa 36 kabla. Ule mchoro wa njia wenye umbo la koni unaonyesha pale ambapo kitovu kinatarajiwa kuwa, na karibu mara moja kati ya tatu kitovu hutoka nje yake. Haukuonyeshi mvua itaishia wapi. Tafuta kwenye maandishi makadirio ya mvua kwa milimita au inchi, na angalia ile namba ya "sehemu chache zitakazopata zaidi", kwa maana kisiwa chenye milima ndicho hizo sehemu chache. Rada za Guadeloupe na Martinique zinaitazama Dominica kutoka pande zote mbili. Zikionyesha mkanda umesimama juu yenu badala ya kupita, hiyo ni habari muhimu kuliko jina la dhoruba.

Sasa korongo lako. Kinachoamua ni mvua ya saa chache juu ya udongo ambao tayari umelowa. Milimita 140 kwa siku nzima baada ya wiki kavu ni kelele. Milimita 140 kwa saa tatu baada ya wiki ya mvua ni maporomoko. Mpaka wangu kwa nyumba ya aina hiyo, na huu ni uamuzi wangu wala si sheria ya serikali: kipimamvua kikisoma milimita 25 ndani ya saa moja na mvua haionyeshi kupungua, watu wawe wamevaa viatu na begi liko mlangoni; jumla ikifika 75 kwa saa tatu, ondokeni kuelekea upande wa tuta la mlima, si kushuka kufuata korongo. Makadirio yakisema zaidi ya milimita 200 na usiku unakaribia, msingoje kipimamvua; ondokeni mchana. Usiku na mvua hiyo huwezi kuona barabara imekatika wapi.

Maji ya korongo yakigeuka matope mazito, ukisikia mawe yakigongana, au nyufa mpya zikitokea uani, saa imekwisha. Dalili inayodanganya watu kuliko zote ni maji kupungua ghafla huku mvua ikiendelea. Hufurahiwa, na kumbe juu huko udongo umeziba korongo, na bwawa hilo likipasuka linashuka lote kwa mkupuo.

Kama utapeleka vipimo vyako ofisi ya hali ya hewa ya Dominica, ambao namba za miteremkoni ni adimu kwao, ziandike hivi: mahali na mwinuko wa nyumba, kifaa gani, tangu saa ngapi hadi saa ngapi, jumla, na kasoro. Mfano: "Juu ya Roseau, mita 120. Kipimamvua cha mkono sm 10. Saa 12 asubuhi hadi saa 3 asubuhi: mm 48. Saa 3 hadi saa 6 mchana: mm 71. Baada ya hapo hakikusomwa. Barometa saa 4 asubuhi: 6 pungufu ya jana saa ileile. Upepo kaskazini, kisha magharibi kuanzia saa 5." Taja kama ni saa za hapo au za dunia (UTC), za hapo ziko nyuma ya za dunia kwa saa 4, na nyuma ya Dar es Salaam kwa saa 7. Makosa ya saa ndiyo yanayoharibu ripoti nyingi nzuri.

La mwisho, kama nyumba hunywa maji ya tangi la paa: ng'oa bomba linaloshuka kutoka kwenye mfereji wa paa kabla upepo haujaanza, uzibe mdomo wa tangi. Upepo huleta chumvi ya bahari, majani na kinyesi cha ndege, na tangi likishaharibika hakuna gari la maji litakalopanda mlima huo kwa siku nyingi. Urudishe bomba baada ya mvua safi ya kwanza kuosha paa; milimita 5 za kwanza ziache ziende zake.